Bridget Mueni na Mwezi wa Bredäng

Bridget Mueni alizaliwa tarehe 3 Machi 1971 huko Kangundo, Machakos, kifungua mimba wa marehemu Mzee Bethuel Mutua na marehemu Mama Ruth. Alisoma hukohuko hadi kidato cha nne, ambako alituzwa kwa hesabu na kuadhibiwa kwa mdomo.

Mwaka 1995 alifika Stockholm kusoma, akaishia kuhudumia wazee majumbani kwao, kazi aliyoifanya miaka ishirini na minane. Mzee akikataa dawa, alimwuliza, "Haya, nikumezee?" Walimeza wote.

Tarehe 27 Juni 1998 alifunga ndoa na Kirit, Mhindi wa Machakos, wakaishi Bredäng, mtaa wa Stockholm, pamoja na mama yake Kirit, Mama Kusum. Mama huyo aliendesha duka Machakos miaka thelathini na Kikamba chake ni safi, kwa hiyo hata kumsengenya kwenye simu haikuwezekana. Alimpokea mkwewe kwa adabu, ila chakula cha mkono wake hakukigusa.

Oktoba ikaja Sharad Purnima, usiku wa mwezi mpevu ambapo Lakshmi, mungu wa kike wa neema wa Wahindu, hupita akiuliza nani yuko macho. Nyumba iliyolala huiruka. Pepeta, yaani mchele uliopondwa bapa, za maziwa na iliki huwekwa nje zipigwe na mwezi, ndipo ziliwe. Mueni akazipika, akaziweka roshani, na kwa kuwa kazini alifunzwa usafi wa chakula, akazifunika.

"Mwezi utaingilia wapi, Mueni?"

"Na njiwa je, mama?"

"Njiwa wamelala. Wasiolala ni sisi."

Mueni akafunua, akavaa koti la baridi, akaketi kulinda bakuli. Kirit alisinzia saa tano, mama saa nane. Alfajiri Mama Kusum akamkuta mkwewe angali macho, kamasi zikimchuruzika. Alichukua kijiko, akala, akaongeza.

Tangu hapo walikula sufuria moja, na Mueni alikesha kila mwaka. Mchungaji wa kanisa lake alipomhoji juu ya mkesha huo, alijibu, "Anayeabudu ni mama. Mimi nalinda chakula."

Aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti Machi 2024. Alifariki tarehe 14 Januari 2026 hospitalini, mume na Mama Kusum wakiwa kando yake.

Ameacha mume, watoto wawili, Mikael na Anjali, na wadogo zake wawili walioko Kangundo. Rasimu ya wasifu huu ilitaja pia "mama mkwe". Mama Kusum, mwenye miaka themanini na saba, aliisoma, akaomba kalamu, akakata neno la pili.

Marehemu ameacha mama.

Mueni na apumzike, amani ikiwa naye.