Kahawa ya Salomé Yapata Tovuti

Kijiwe chetu kiko nyuma ya stesheni ya Kamina: ubao mmoja wa behewa juu ya matofali. Hapo Mama Salomé huuza kahawa, ingawa tangu vita ianze mwaka jana treni zinabeba askari, hazibebi kahawa wala wanywaji. Asubuhi hiyo ya 1999 alitukuta tumeshakaa, kama ilivyo kawaida ya watu wasio na kazi. Noé, Shefu wa Gare au mkuu wa stesheni, anavaa kofia yake ya stesheni hata siku zisizo na treni, yaani karibu kila siku. Amédée, tunayemwita Maître, ni mwalimu wa shule ya Wamethodisti ambaye mshahara wake umepotelea Kinshasa. Edmond Rangi huchora vibao vya maduka. Mimi nilikuwa nasikiliza tu, na nasema wazi kwamba walinikera.

Salomé alitua birika juu ya jiko lake la mbabula, akapuliza makaa.

— Leo niko na shauri, alisema. Bolingo, mutoto wangu wa Liège, alinitengenezea site.

— Site njo nini? akauliza Edmond.

— Njo ukurasa mu ordinateur, ile kompyuta. Muntu iko Ulaya anafungula, anaona kahawa yangu. Aliweka foto ya hii banc tunaikalia na maneno kidogo tu. Lakini jana, ku redio ya phonie, alisema bantu habafungule. Anaomba tumwambie kya kuongeza. Mbele ya midi, saa sita, nirudishe jibu.

— Kwani unaharakia nini, Mama? akauliza Noé.

— Hii kahawa iko ya mwisho, Shefu. Leo nikipata baclients, nitanunua ingine. Nikikosa, kesho naenda ku mashamba ya yaya yangu, dada mukubwa, kule Bukama. Na miye mashamba siyapende hata kidogo.

Roho iliniuma. Mjane huyu alilea watoto kwa birika hilo. Lakini kwetu, anayeleta shauri mbele ya watu ndiye anayewanywesha mpaka shauri liishe. Salomé anajua desturi. Alimimina vikombe, akakaa kusubiri busara.

Edmond ndiye aliyeanza.

— Mama, ile site inakosa simba.

— Simba wa nini?

— Simba anakunywa kahawa! Duka gani hapa Kamina iko bila kichwa ya nyama wa pori ku mulango? Unaweka simba, anashika kikombe, anacheka. Pembeni unaweka muke wake.

— Muke wa simba?

— Njo! Yeye anakunywa chai.

Maître alikohoa vile anavyokohoa darasani, akasogeza kikombe kijazwe tena.

— Edmond, weye haukufundishwa adabu. Muntu anafungula, na mara moja munamuambia nunua kahawa? Hata salamu? Ukurasa wa kwanza, tunamusalimia. Wa pili, tunauliza bibi na batoto, kama balilala muzuri. Wa tatu, tunamupa pole.

— Pole ya nini?

— Muntu haikose kufiwa. Wa ine, wimbo. Wa tano, maombi mafupi.

— Na kahawa, Maître? Salomé aliuliza.

— Kahawa iko ukurasa wa sita. Iko haraka ya nini?

Salomé alimimina tena. Niliona birika linazidi kuwa jepesi kila mara, na nilitamani kusema kitu, lakini Shefu wa Gare alikuwa amekwisha kuvua kofia yake. Akivua kofia, hakuna anayemkatiza.

— Bote munasema bya bure, alisema Noé. Site inakosa oreri, ratiba ya saa. Inafungwa saa ngapi? Nani anapiga kengele? Mukiacha bantu baingie vile banapenda, itakuwa soko. Tutie ukurasa wa première classe kwa bakubwa, na wa troisième classe kwa bale ba mizigo.

— Lakini bantu habaingie kabisa, Shefu, Salomé alisema.

— Njo juu ya hakuna oreri! Na kuna neno moja ya nguvu, haukufikiri, Mama. Hii iko vita.

Noé alishusha sauti, akaangalia upande wa uwanja wa ndege.

— Site yako iko wazi kule, muchana kweupe. Ndege ya adui ikipita, itaona nini? Kahawa! Baaskari bataichukua, sawa vile balichukua treni yangu. Tunapashwa kuifinika na majani ya migomba.

— Majani mu ordinateur? Edmond alishangaa.

— Weye si muchoraji? Uchore majani. Mengi. Ifinike yote, hata simba.

— Na salamu zangu? Maître aliuliza.

— Hata salamu.

— Sasa baclients bataionaje? Salomé aliuliza.

— Bale bazuri tutabaambia pole pole, ku sikio.

Edmond aliona ni akili. Maître aliona ni akili. Wakaomba kikombe kingine cha kufunga shauri, na Noé akavaa kofia, tayari kupeleka ujumbe phonie: ukurasa wote ufunikwe.

Hapo ndipo alipotokea mwanaume mwenye begi mgongoni, mavumbi mpaka kwenye nyusi.

— Jambo yenu. Ni hapa kwa Mama Salomé? Naitwa Constant, nimeshuka na ndege ya dawa. Mbele ya kutoka Bruxelles, nilitafuta Kamina mu ordinateur. Kamina yote, nilipata tu hii banc!

Akaupapasa ubao wetu, akacheka kwa furaha, kama mtu aliyefika kwa shangazi yake.

— Wenzangu iko wengi, banakuya nyuma. Ile site inasema kahawa iko kila siku. Basi, kahawa iko?

Salomé aliinamisha birika. Lilitoka tone moja, kisha machicha. Edmond alitazama ukuta wa stesheni. Noé alificha kikombe chake ndani ya kofia. Maître, mwenye kurasa za salamu, hakupata hata jambo moja la kumwambia mgeni.

— Mumujibu mugeni, alisema Salomé, na machozi yalikuwa karibu. Mweye njo bakonseye, bashauri ba site.

Constant alitutazama mmoja mmoja, akadhani labda hatukumsikia vizuri, akauliza tena polepole:

— Kahawa iko?