Muuguzi wa Meza ya Chupa

Alhamisi, tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, muuguzi mkuu wa kliniki yetu ya watoto anastaafu. Anayeandika haya ni mfamasia wa dirisha la jirani, na nimeagizwa nichangamke. Nitajitahidi.

Alianzia wodini, akahamia chanjo. Kliniki ya watoto wenye usonji ilipofunguliwa, akapewa chumba kilichokuwa stoo ya mifagio. Aliiondoa taa iliyokuwa ikivuma na kuwafanya watoto wazibe masikio, akaweka meza ndefu. Mzazi akiingia, kwanza anatoa mezani kila anachompa mtoto nyumbani: mafuta ya utosini, unga wa mizizi, matone ya kusafisha ubongo, bangili ya shaba aliyoisifia shemeji.

Mimi ningeweka pipa la taka pale. Yeye hakumkemea mtu. Mafuta ya kukanda miguu aliyaruhusu. Mtoto akipenda kukandwa, akandwe. Unga alimwomba mzazi auonje yeye kwanza. Mwashi mmoja, baba wa mapacha, alionja akakimbilia sinki, na ule unga haukurudi tena nyumbani kwake. Korido nzima ilicheka.

Kuna siku hatukucheka. Bibi mmoja alimleta mjukuu wake, binti mwenye usonji na kifafa, kifafa kimemrudia vibaya. Dirishani kwangu aliapa kwamba dawa zetu anampa kama kawaida. Mezani akatoa chupa ya kahawia, akaulizwa kwa upole aliyemuuzia alisemaje. Muuzaji alikuwa amesema dawa za hospitali ziachwe kabisa, zisije zikagombana na hii. Bibi alikuwa ameziacha. Zilirudishwa siku hiyohiyo, na binti yuko hai, anasoma.

Wauzaji wa chupa hizo wananichosha. Wananichosha pia ndugu wanaomwambia mama kwamba kosa ni lake, na sisi wenyewe, tunaomwambia asubiri mtaalamu wa matamshi hadi mwakani, kisha tunashangaa akigonga kila mlango. Utawala umeshaagiza keki ya kuaga. Mrithi hajapatikana, na chumba kimeombwa na wahasibu wanaotaka pa kuweka viti vibovu.

Juzi mstaafu wetu alitoka kidogo kwenda kusaini makaratasi yake, nikamshikia kiti. Akaingia mama na mtoto wake. Nikamuuliza, kwa sauti niliyodhani ni ya upole, anampa nini nyumbani. Akasema, “Simpi kitu, daktari,” huku akiusukuma mkoba chini ya kiti kwa mguu. Nilisikia chupa zikigongana.

Dada yetu, asante kwa yote. Tunakutakia afya, usingizi wa kushiba na maisha mema, kuanzia Ijumaa. Alhamisi usichelewe: yule mama nimempa miadi, na nimemwahidi kwamba atakayekuwa kwenye kiti ni wewe.