Bunduki ya Mzee Doria

Benchi letu liko Shinyanga mjini, barazani kwa duka la Vinod, pale malori ya pamba yanapokata kona kwenda kinuni. Ni ubao mmoja mrefu uliokaliwa hadi ukang'aa, na kila mtu ana nafasi yake. Mwanzoni hukaa Pantaleo, tunamwita Burma, aliyepigana vita vya Mfalme kule Burma na hajavimaliza mpaka leo. Anafuata Jilala, tunamwita Wakili kwa sababu aliwahi kufagia mahakamani. Kisha mimi, Baba Limi. Mwisho, upande wa mlango, alikaa mlinzi wa duka, tuliyemwita Mzee Doria, bunduki yake magotini. Alitokea mwaka sitini na saba, begani kaning'iniza bunduki hiyo hiyo, na tumekaa naye miaka kumi na minne. Jumanne alianguka hapo mlangoni, na hospitali hakuamka. Leo ni Alhamisi. Kwenye nafasi yake tumeilaza bunduki juu ya gunia.

Hospitali imetupa mpaka saa sita mchana. Asipopatikana ndugu, atazikwa na halmashauri kwenye yale makaburi ya namba. Vinod ndiye aliyepata wazo: tukimjua aliyeiuza bunduki, daftari lake litakuwa na jina la mnunuzi, na mnunuzi ana kwao. Jana aliifuta mitutu kwa mafuta, herufi na namba zikaonekana. Asubuhi akaenda posta kupiga simu, akatuachia tuilinde. Tulichofanya ni kubishana.

Wakili: Imeandikwa hapa juu, Jafferali, Mwanza. Maandishi ni ushahidi. Fundi aliyeiunda ni Jafferali.

Burma: Jafferali yule wa baiskeli na karabai? Mtu hawezi kuziba pancha, ataunda bunduki?

Wakili: Alikuwa na karakana ya siri.

Burma: Hii ni ya Uingereza, bwana. Nimebeba za Uingereza miaka minne. Toa huu ubao wa chini ya mitutu. Unaona? Taji. Hii ilitengenezwa na mfalme mwenyewe.

Mimi: Sasa Doria aliipataje mali ya mfalme?

Burma: Alipewa. Aliokoa ofisa mkubwa vitani. Ndiyo maana alikuwa hasemi. Sisi tuliokwenda kule hatusemi.

Selestine, Mhaya wetu wa kahawa, alikuwa anapanga vikombe.

Selestine: Wewe, Pantaleo, hujanyamaza tangu nianze kumimina kahawa hapa.

Wakili: Mnaniangusha. Taji kwani la Ulaya tu? Hata mtemi ana lake. Doria alikuwa mtoto wa mtemi, tena wa kule Geita kwa Wazinza. Alidhulumiwa kiti na ndugu zake, akaondoka na bunduki ya baba. Si mnakumbuka alivyokaa, mgongo wima?

Burma: Huo mgongo ni wa kwata.

Wakili: Wa kitemi huo. Kisukuma chake si kilikuwa cha kuazima? Akituamkia "mwangaluka" unasikia kabisa si wa hapa. Tutume mtu Geita leo leo, atakuta ukoo mzima unalia.

Walikuwa wanaongopa, na nadhani walijijua. Ila tukinyamaza tulikuwa tunaitazama ile nafasi, kwa hiyo tuliendelea.

Vinod akarudi, shati limemganda mgongoni. Hakukaa.

Wakili: Umewapata?

Vinod: Nimempata Mama Dolatkhanu, mjane wa Jafferali. Madaftari bado anayo. Nimemsomea namba, akaikuta.

Burma: Mwambie huyu Wakili nani kaitengeneza.

Vinod: Fundi mmoja wa Birmingham, Hebdon. Zile herufi mbili ndogo chini ya mitutu ni zake. Jafferali alikuwa anaagiza kwake, anaandikisha jina la duka juu. Maduka mengi yalifanya hivyo. Fundi anajificha chini, muuzaji anajitangaza juu.

Burma: Na taji?

Vinod: Muhuri wa wakaguzi, mzee wangu. Kila mtutu ukijaribiwa kule hupigwa hivyo. Zipo maelfu.

Burma alilitazama taji lake, akalirudishia ubao.

Mimi: Na mnunuzi?

Vinod: Iliuzwa mwaka thelathini na sita. Kwa mzungu mmoja wa dhahabu, Geita. Carrick. Na huyo naye alishakufa.

Mimi: Baada yake?

Vinod: Daftari limeishia hapo.

Burma: Basi Doria alikuwa mpishi wake. Mzungu anaondoka, anamwachia bunduki kwa mapenzi.

Wakili: Au alimmaliza huyo mzungu, akakimbia nayo. Ndiyo maana jina lake alilificha. Kesi kama hizo nimezisikia...

Vinod: Wakili, nyamaza. Mtu huyu amewalinda wanangu toka hawajazaliwa. Nyamaza kabisa.

Hatujawahi kumsikia Vinod akisema hivyo na mtu. Wakili akainamia kikombe chake.

Ndipo akaja Melania, muuguzi wa wodi ya wanaume, amekunja karatasi mkononi.

Melania: Shikamooni, wazee wangu.

Tukaitikia marahaba. Alitaka kukaa, akaona kilichokalia nafasi, akabaki amesimama.

Melania: Saa sita inakaribia. Mmepata ndugu?

Wakili: Tumempata fundi. Na muuzaji.

Melania: Wa nini?

Wakili: Wa bunduki.

Melania: Na jina lake huyu baba?

Vinod: Kwenye karatasi za duka ameandikwa Mlinzi. Leseni ya bunduki nayo marehemu baba yangu aliikata kwa jina la duka.

Melania alitutazama mmoja mmoja. Hakuwa na ukali wowote. Alikuwa mtoto wa watu anayetaka kujaza fomu.

Melania: Basi yeye mwenyewe, mlipomwuliza kwao ni wapi, alijibuje?

Burma akamtazama Wakili. Wakili akanitazama mimi. Mimi sikuwa na wa kumtazama.

Kila asubuhi, miaka yote hiyo, nilimwambia, "Doria, vipi?" naye akasema, "Salama, Baba Limi. Limi kaamkaje?" Limi alipougua surua aliniuliza siku tisa mfululizo. Alimjua mama yangu kwa jina na ng'ombe wetu aliyekufa kwa kiu. Mimi sikumwuliza hata mara moja. Nilikaa pale naona aibu, na mpaka sasa ninayo.

Vinod alikuwa ameweka ubaoni karatasi ya kuipeleka bunduki polisi. Fundi, muuzaji, namba, mwaka, vyote vimejaa. Melania akaweka ya kwake pembeni ili aandike. Akaandika Mlinzi. Kwao, akapiga mstari. Ndugu, akapiga mstari.

Selestine: Kabla ya kunywa alikuwa anamwaga tone chini, hapo mlangoni. Kila asubuhi. Anasema, "Hili la nyumbani." Mimi nilidhani anatania. Liandike hilo.

Melania aliipitisha kalamu juu ya fomu, kutoka juu mpaka chini.

Melania: Hakuna pa kuliandika, baba.

Selestine akabeba birika hadi upande wa mlango, akaanza kumimina kahawa chini polepole. Burma alikuwa bado hajapata kikombe cha pili, akakipindua chake ubaoni. Birika lilipokwisha tukainuka, tukaenda kumzika wenyewe.