Makopo Mawili ya Semisi

Benchi la mbele ya duka la Bwana Lin, hapa kijijini Ha'ateiho, kisiwani kwetu, lina birika la kahawa na watu wawili wasiobanduka: Nahodha, mzee aliyefunga kamba za feri miaka miwili tu akabaki na cheo, na Redio, jirani yangu, ambaye habari ikimfikia asubuhi, mchana kijiji kizima kinayo. Mimi si mtu wa pale, nina mtoto na nguo za kufua, lakini jana jioni nilitoka dukani nikaweka makopo yangu mawili benchini, nikakaa, mtoto pajani. Mume wangu Semisi anapimwa presha Ijumaa. Ikishuka, anapanda ndege kwenda Australia kuchuma matunda, miezi tisa. Isiposhuka, anabaki, na paa la mama yake lililochukuliwa na kimbunga linabaki turubai. Muuguzi kasema mpikie kwa kikaango, robo saa tu, samaki wa kopo wa maji, pakiti ya mboga za friza, mafuta kijiko kimoja, chumvi hapana. Basi nikawauliza, kinaanza kuingia nini, samaki au mboga?

Nahodha akapuliza kahawa yake.

— Haraka haraka haina baraka, binti. Ndiyo maana kikaango kina mpini mrefu.

— Mpini unahusu nini, mzee? Redio akamdaka. — Muulize huyo samaki kwanza. Kakaa baharini maisha yake yote, chumvi imemwingia mpaka mifupani. Ukimpika, umemlisha mumeo bahari.

Nahodha akasema kama ni hivyo mboga za friza ndiyo mbaya zaidi, baridi inabana mishipa, njegere moja ikigandia kwenye moyo mtu kwisha. Redio akasema binamu yake alishusha presha kwa kulala miguu ikiwa dirishani. Wakabishana dirisha liwe la upande gani.

— Wewe mpe maji tu, Nahodha akaniambia, taratibu, kama anayenionea huruma. — Si wanasema damu ni nzito kuliko maji? Sasa ukiichanganya na maji inakuwa nyepesi. Presha itatoka wapi?

Nilicheka, mtoto naye akacheka kwa sababu mimi nimecheka.

Hapo akashuka dereva wa teksi, mwanamke wa makamo, sijawahi kumwona, kafuata mkate. Akatusalimu, akasogeza makopo yangu apate pa kukaa akisubiri chenji. Akayatazama. La samaki, halafu lile jingine, kubwa, la nyama ya ng'ombe yenye mafuta mengi, ile Semisi anayoipenda na tui zito na majimbi.

— Samaki ni wa mgonjwa, nimewasikia toka garini, akasema. — Na hii nyama ni ya nani?

Nahodha akatazama ndani ya kikombe. Redio akajimiminia kahawa.

Nikasema ni ya Semisi, abaki, kwamba mara ya kwanza alipoondoka huyu mtoto alikuwa tumboni, na aliporudi mtoto alimkataa siku tatu, analia, anajificha shingoni mwangu, na sasa halali mpaka alazwe kifuani kwa baba yake, hata mimi hanitaki, na sikujua naongea na nani. Yule mama alinishika bega, akachukua mkate wake, akaenda.

Nikarudi dukani na kopo la nyama. Bwana Lin akalipokea bila kuuliza.

Nyumbani niliwasha jiko, mafuta kijiko kimoja, mboga kwanza zikatoa maji, samaki juu yake, nikakamua limau. Robo saa kweli. Semisi akala na mtoto yuko pajani kwake, akasema hakina chumvi lakini kitamu, akanyoosha sahani niongeze.

Nikampakulia nikiwa nimempa mgongo, asione uso wangu.