Orodha Hadi Chujio la Chai

Tramu ilipotoka kituo cha Ramleh, Insaf alikuwa akipanga maneno ya kumpasha baba wa mchumba wa mwanawe. Mzee yule aliorodhesha vyombo vyote vya bintiye, hadi chujio la chai, akataka bwana harusi atie sahihi kwamba ni vya mke. Mwanangu mwizi?

Kwenye kiti cha nyuma, mwanamke mnene alimsimulia abiria aliyeketi kando yake, asiyemjua hata jina. "Mume wangu alikopa, akashindwa kulipa. Dalali wa mahakama akabeba friji, kitanda, kila kitu. Nikaenda kortini na orodha ya baba, yenye sahihi ya mume wangu. Hakimu akasema vyombo ni vyangu, virudishwe. Wallahi, friji ilipanda tena ghorofa ya nne!"

"Na aliyekopesha ale hewa, dada?"

"Amdai yule aliyekopa."

"Si mnalala kitanda kimoja?"

"Kitanda changu. Yeye namkaribisha tu."

Behewa zima la wanawake likacheka, na Insaf, ambaye hakuna aliyemkaribisha kwenye mazungumzo, akacheka pia.

"Siku ya ndoa nililia kwa aibu ya ile karatasi," yule mnene akasema taratibu. "Sasa kila nikifungua friji namsomea baba Fatiha."

"Msomee. Lakini yule mdai mmemdhulumu."

"Hata kidogo!"

Walikuwa wangali wakibishana tramu iliposimama Sidi Jabir. Insaf akashuka. Nyumbani alikuwa na binti pia, wa miaka kumi na saba. Kabla ya kuuliza njia ya kwa mzee yule, aliulizia duka la karatasi.