Hosiana Mwalongo na Pipa la Mchaichai

Ndugu waombolezaji, anayewasomea ni Yoramu, mdogo wa marehemu, na historia hii ameiandika mwenyewe.

Hosiana alizaliwa tarehe 14 Juni 1968 hapa Kichiwa, mtoto wa kwanza wa mzee Silvesta, akasoma shule ya msingi hapahapa hadi 1983, na tarehe 8 Septemba 1990 akafunga ndoa na marehemu Amos, wakajaliwa Eveline na Lukas, waliokaa hapo mbele.

Mwaka 2012 alihamia Makambako, akapanda mchaichai, akanunua pipa na bomba, akawa anachemsha majani na kukinga mafuta yanayopanda na mvuke, ambayo nguvu yake ni kemikali iitwayo sitrali, na jamani, yalifanya kazi, maharage yaliyopakwa hayakuguswa na fukusi.

Tarehe 3 Mei 2021 mnunuzi alipeleka chupa ya Hosiana maabara, barua ya majibu ikasema mna mafuta ya mlingoti, yaani mkaratusi, ndani, mnunuzi akamkataa na chupa ya pili hakutaka hata kuiona, kikundi chake cha wauza mafuta kikamtoa, sokoni wakamwita Mama Chakachua, naye akajifungia nyumbani miaka minne, akichemsha mafuta asiyoweza kumuuzia mtu, akiwagawia majirani, na fukusi wakaendelea kufa, maana wao hawasomi barua.

Yoramu alijua. Aprili ile, kabla ya barua, kifua kimembana na kila nyumba inapiga nyungu, kujifukiza mvuke wa majani, alilichukua pipa dada akiwa kanisani, akachemshia majani ya mlingoti, akalisuuza kwa maji tu, kisha hakumwambia mtu, na miaka yote hiyo akawa anakwepa kula kwa dada yake.

Januari 2025 Hosiana alianza kuumwa ini, akalazwa hospitali ya Ilembula, na tarehe 19 Juni alimwita mdogo wake, akamwagiza kwamba siku nyingine akijifukizia kwenye pipa la mchaichai alisugue kwa majivu, maana mlingoti hautoki kwa maji matupu. Yoramu, mzee mzima wa kanisa, alilia mbele ya wauguzi. Tarehe 21 Juni, saa kumi na moja alfajiri, dada akafariki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Makambako, na wanakikundi wenzake mliokuja leo, nanyi mnaombwa msikie vizuri: Hosiana hakuchanganya hata tone.

Upumzike kwa amani, dada. Pipa nimelisugua kwa majivu.