Mkono wa Rangi ya Machungwa wa Kuluthum Dualeh

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Wewe uliye shambani kule Bahati, weka jembe chini kidogo. Wewe dereva unayeshuka Mai Mahiu, usiweke chochote chini, shika usukani na usikilize tu. Mimi ni Zeddy Jepkoech, na leo tunamkumbuka mama aliyetutoka Alhamisi iliyopita akiwa na umri wa miaka themanini na nane.

Jina lake Kuluthum Dualeh. Fundi wa cherehani. Mwenyeji wa Bondeni, hapa Nakuru. Na kabla sijaendelea, niwaambie jambo lililonishangaza mimi mwenyewe. Mama huyu hakujua kuogelea. Miaka hiyo ninayotaka kuwasimulia alikuwa hajawahi kuiona bahari. Lakini ndiye aliyeshona kifaa cha kuwafanya wapiga mbizi wa Mombasa waonekane pale wanapopotea majini. Narudia, usije ukasema hukusikia vizuri: fundi wa Bondeni, wapiga mbizi wa Mombasa.

Ilikuwaje? Turudi mwaka wa 1955. Kuluthum ana miaka ishirini na minne. Mumewe ni dereva wa lori, binti yao Kadija bado anatambaa, na cherehani iko barazani. Kuluthum ana ndugu mmoja tu duniani, Abdisalam, mdogo wake kwa miaka mitatu. Wazazi walishafariki. Abdisalam alijifunza kuogelea Ziwa Naivasha, akateremka Mombasa, akapata kazi ya kupiga mbizi. Shehena ikianguka majini, yeye anashuka kuifunga kamba. Nanga ikikwama, yeye anashuka.

Basi Idd ya mwaka huo Abdisalam akaja Nakuru na zawadi na masimulizi. Akiwa na kikombe cha chai mkononi, akasimulia jinsi mkondo ulivyomsukuma mbali na mashua yake mchana kweupe.

"Mashua ilinipita mara mbili, wallahi! Napunga mkono mpaka kwapa linauma. Wanatazama upande wangu kabisa, na hawanioni. Kichwa cha mtu baharini ni kama nazi inayoelea. Nani atajisumbua na nazi?"

Baraza zima likacheka. Abdisalam alijua kusimulia, hata leo anajua. Kuluthum hakucheka. Akaweka sahani chini akamwambia, "Wewe kuogelea unajua. Shida yako ni kwamba huonekani."

"Dada, hiyo ilikuwa siku moja tu."

"Ya pili sitaki kuisikia."

Hapo ndipo kazi ilipoanza, wasikilizaji wapendwa. Alikuwa na ndugu mmoja, na alitaka kubaki naye. Hakukuwa na sababu nyingine.

Asubuhi yake akavuka barabara hadi kwa Kipkemei, fundi wa baiskeli, akanunua tyubu ya gurudumu. Akachukua makasi papo hapo akaikata. Kipkemei, ambaye naye sasa ni marehemu, alishika kichwa.

"Mama Kadija! Tyubu mzuri hivi unakata? Sasa baiskeli itatembea na nini?"

"Haiendi kwa baiskeli. Ziba hapa mwisho, na huku weka kimpira cha kupulizia kwa mdomo. Isitoe hewa hata kidogo."

"Ni ya nini hii kitu?"

"Ni mkono," akasema Kuluthum. "Mkono wa ndugu yangu, lakini mrefu."

Na ndivyo kilivyokuwa. Tyubu iliyokatwa, imezibwa pande zote mbili, imevishwa ala ya kitambaa ili ikijaa hewa isimame wima. Futi tano. Ukiikunja inaenea kiganjani. Mpiga mbizi akipotea, anaikunjua, anaipuliza, anainyanyua juu ya mawimbi. Basi. Bondeni nzima ikakiita kifaa hicho mkono wa Kuluthum.

Ikabaki rangi. Na hapa, jamani, nicheke kidogo, maana kosa alilolifanya Kuluthum ni mtu wa Nakuru peke yake anayeweza kulifanya.

Maji makubwa aliyoyajua ni ziwa letu hili. Ukisimama mjini ukitazama ziwa, kitu cha kwanza kuingia machoni ni nini? Si ni wale heroe, flamingo kama tulivyozoea kuwaita? Ziwa lote limevaa pinki! Kuluthum akapiga hesabu zake akaona mambo ni rahisi. Rangi inayoonekana toka mbali juu ya maji ni pinki. Akatafuta satini ya pinki, nzuri, ya kushonea bibi harusi, akaushona mkono.

Jumapili wakaenda kuujaribu. Wapi? Ziwa Nakuru, kwa flamingo wenyewe. Abdisalam akaingia majini. Sasa nyinyi mnalijua ziwa letu. Wakati ule maji yalifika kiunoni, chini ni tope, na magadi yanawasha macho. Kwa hiyo mpiga mbizi hodari wa Mombasa akalazimika kuchuchumaa ili kichwa tu ndicho kionekane. Kuluthum akapanda kilimani, mbali kabisa, akageuka, akapunga leso kumwonyesha ndugu yake kwamba amefika, akatazama.

Pinki. Kushoto pinki, kulia pinki, katikati pinki. Akakodoa macho hadi yakatoa machozi. Mara nyuma yake akasikia buti. Ni askari. Hizo ni siku za emergency, ile hali ya hatari ya serikali ya kikoloni, wasikilizaji wapendwa, na mtu aliyesimama kilimani akipunga leso hakuachwa hivi hivi.

"Wewe mama, unampigia nani ishara?"

"Ndugu yangu, afande."

"Ako wapi huyo ndugu yako?"

"Hiyo ndiyo shida, afande. Simwoni."

Kadija ananiambia mama yake alikisimulia kisa hicho kwenye kila harusi, na kila mara askari alikuwa anaongezeka urefu. Mwisho wake ulikuwa uleule. Askari naye alitazama ziwa, akatafuta, akakosa, akaingiwa na wasiwasi kuliko Kuluthum. Wakateremka pamoja wakiita kwa sauti. Walimkuta Abdisalam bado amechuchumaa, macho mekundu kama pilipili, ameinua mkono wake wa satini katikati ya ndege.

"Mmeniona?" akauliza.

Kuluthum alirudi nyumbani amenuna. Siku mbili hakushona. Siku ya tatu akafanya kitu ambacho mimi nakipenda kuliko vyote katika maisha yake. Alitoa vipande vya vitambaa vya kila rangi vilivyobaki kwa wateja, akavianika kwenye kamba uwanjani, karibu na reli. Kisha akaenda kusimama mbali sana, ng'ambo ya uwanja, na kila aliyepita akamsimamisha. Mama wa sokoni, mfanyakazi wa reli, mzee mwenye miwani. Swali lilikuwa moja tu: "Geuka haraka. Umeona rangi gani kwanza?"

Hakuwauliza ipi ni nzuri. Aliwauliza ipi wameiona kwanza. Na wengi wakamjibu rangi ya machungwa. Hata mzee aliyevua miwani alisema machungwa. Kuluthum akafumua satini yote ya pinki na kushona upya.

Safari ya pili ilikuwa Naivasha, kwenye maji ya kina. Mumewe aliwapeleka kwa lori. Abdisalam akaogelea kupita mafunjo, mbali hadi kichwa kikawa nukta, kisha kikapotea machoni. Kuluthum amesimama ufukweni amejishika kifua. Halafu kule mbali, kitu cha machungwa kikainuka.

"Yule pale!" akapiga kelele. "Yule pale! Yule pale!"

Kiboko mmoja naye aliuona mkono ule akaanza kusogea kuuchunguza, na Abdisalam alirudi kwa kasi ambayo Naivasha haijaiona tena. Lakini kifaa kilikuwa kimefanya kazi.

Ikabaki shida moja, na huenda ilikuwa kubwa kuliko rangi. Abdisalam aliona haya. Kijana wa miaka ishirini na kitu, jasiri wa bandarini, atoke mbele ya wenzake amebeba tyubu ya baiskeli iliyoshonwa na dada yake? Alisema, "Ndiyo dada, nitaivaa." Nyinyi wanawake wenzangu mnaijua ile "ndiyo dada."

Kuluthum aliijua pia. Usiku wa kuamkia safari alifungua sanduku la ndugu yake, akatoa kaptula zake zote za kuogelea, akazificha. Mahali pake akaweka mbili mpya, madhubuti, zenye mfuko mgongoni. Ndani ya mfuko, mkono. Na mkono umeshonewa kwenye kaptula, mshono mara tatu. Ukivaa kaptula, umevaa mkono. Usipotaka mkono, ingia baharini uchi.

Abdisalam aligundua akiwa Mombasa. Alinieleza kwa simu juzi, sauti ya mzee wa miaka themanini na mitano, lakini kicheko ni cha kijana. "Nilimtukana dada siku nzima. Nilijaribu kufumua kwa kisu. Ule mshono haukufumuka, Zeddy. Wenzangu walinicheka mwaka mzima. Kila asubuhi wananiuliza kama dada amenipa ruhusa ya kulowa."

Sasa tufike Julai mwaka wa 1956. Alasiri ya Jumanne, telegramu ikafika Bondeni kutoka kwa tajiri aliyemwajiri Abdisalam. Maneno machache. Abdisalam hajaonekana tangu asubuhi. Tunatafuta.

Kadija alisimuliwa kwamba mama yake aliisoma, akaikunja, akaketi kwenye cherehani, akaweka mguu juu ya pedeli, na mguu haukusogea. Watu wakaja wakakaa naye. Kipkemei alifunga duka akaja pia. Kuluthum akamtazama yeye peke yake, maana kati ya wote waliokuwa pale, huyo ndiye aliyekuwa na jibu alilolitaka.

"Kipkemei. Ile gundi yako itashika?"

Kipkemei akasema, "Mama Kadija, pale mwisho nilipiga kiraka mara mbili. Na ile ya juu nikarudia siku ingine, maana sikulala nikiifikiria."

Wakangoja. Hapakuwa na simu ya mkononi ya kupiga kila dakika mbili, wasikilizaji wapendwa. Ulingoja tu. Walingoja jioni ile, wakangoja hadi kukacha. Saa nne asubuhi karani wa posta hakumsubiri mtu wa kupeleka barua. Alikuja mwenyewe, kwa miguu, akikimbia.

Telegramu ya pili ilikuwa na maneno matano, na ilitoka kwa Abdisalam mwenyewe. Ilisema: NIMEONEKANA. SHONA KUMI NA MBILI.

Ninayo hapa studioni, Kadija ameniazima. Karatasi imekuwa rangi ya chai. Nimeisoma mara nyingi wiki hii na kila nikiisoma nacheka, halafu nalia kidogo, halafu nacheka tena.

Kilichotokea ni hiki. Mkondo ulimchukua Abdisalam hadi nje ya miamba, mawimbi makubwa, mvua ya manyunyu. Mashua tatu zilimtafuta. Moja ilimpita karibu, kama ile siku ya kwanza. Akatoa mkono mgongoni, akaupuliza, akaunyanyua. Jua lilikuwa linakaribia kuchwa nahodha mmoja aliposema, "Ile ni nini, ya machungwa?" Na mashua ikageuka.

Wale kumi na wawili walikuwa wenzake, walewale waliomcheka. Kila mmoja alitaka kaptula yake yenye mkono. Kuluthum alishona kumi na mbili, kisha ishirini, na Kipkemei akaziba tyubu hadi baiskeli za Bondeni zikakosa tyubu. Baadaye vikaja vifaa vya kisasa kutoka ng'ambo, vizuri, vyenye taa na filimbi. Kuluthum hakuona wivu. Aliuliza swali moja tu: "Vimeshonewa kwenye nguo, ama wanaviacha nyumbani?"

Alizikwa Ijumaa hapa Nakuru. Abdisalam alisafiri kutoka Mombasa, akakataa kusaidiwa kutembea, akasimama kaburini na fimbo yake. Watu wakampa pole kwa kumpoteza dada. Mimi nilikuwa pale, nikayasikia maneno yake kwa masikio yangu.

"Ahsanteni," alisema. "Lakini hesabuni vizuri. Siku ile nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Leo nina themanini na mitano. Harusi yangu, watoto wangu saba, wajukuu, hata hizi mvi. Zote alizishona yeye."

Kwa niaba ya kituo hiki, natoa pole kwa mzee Abdisalam, kwa Kadija na wanawe, na kwa watu wa Bondeni. Pole pia kwa jamaa za marehemu Kipkemei. Kiraka chake kilishika. Mungu ampumzishe mama yetu mahali pema.

Na wewe unayenisikiliza, nina ombi. Yupo mtu wako ambaye kila mara anakusimulia shida yake huku akicheka, na wewe unacheka naye. Leo usicheke. Weka sahani chini, umuulize vizuri.